Sauti ya Tetemeko

3 Februari

Kwako Kaka yangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto je, na wajukuu kama wapo? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linanitangazia mvua kabla ya watu wa hali ya hewa.

Najua mwandiko huu umeutambua kabla hujafungua bahasha. Najua pia umeiweka mezani siku mbili ukiizunguka. Ahsante kwa kuifungua. Miaka kumi na tisa si haba.

Anwani nimepewa na wifi, na usimgombeze. Siku hizi mimi ni mtangazaji wa stendi, ile sauti inayowaambia abiria wa saa nne wapande na wa saa tano wasogee. Nikiwa kibandani nilimwona wifi dirishani anaburuta mfuko. Basi la saa nne nililiacha bila kulitangaza nikamkimbilia. Tulikumbatiana mpaka watu wakatupisha njia. Alikuwa na jambo jingine la kuniambia, nilimwona anatafuta pa kuanzia, lakini basi lake likapiga honi.

Sasa nisikilize. Wenye Tetemeko na wenye Kimulimuli huko ng'ambo wamepatana. Wametengeneza filamu moja na kuwaweka mashujaa wote wawili ndani yake, na nguo zao zilezile za zamani, na mandhari zilezile za maboksi. Mji umezama gizani, Tetemeko anakuja upande huu akikanyaga ardhi, Kimulimuli anakuja upande ule akiwaka viganja, wanakutana darajani. Kaka, wanakutana! Miaka minne kwenye televisheni, wewe Jumamosi saa nne ulikuwa sauti ya Kiswahili ya Tetemeko, mimi saa tano ya Kimulimuli, na watoto walipigana shuleni juu ya nani ana nguvu zaidi. Leo watoto hao wana vitambi, na wamekiandikia kituo chetu cha zamani: filamu hiyo iingizwe Kiswahili, na kwa sauti zilezile au wasiguse.

Mtayarishaji ni binti aliyekuwa na miaka saba wakati ule. Alikuja mpaka kibandani kwangu, akasimama, akaniomba niseme "Giza, muda wako umekwisha!" Niliisema kwenye kipaza sauti cha stendi. Kondakta mmoja alidondosha chenji.

Anakutaka na wewe. Nimempa ahadi kwamba nitakuandikia. Kurekodi ni mwisho wa Mei.

Nilikupigia simu kwanza, kwa namba aliyonipa wifi. Ulipokea, ukanyamaza, ukakata. Sawa. Nimerudi kwenye kalamu, maana karatasi haikatwi.

Njoo, Kaka. Tangu wazazi watutoke tumebaki wawili, na hao wawili mmoja hasemi na mwenzake.

Mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa, wa kwanza kusema

—

21 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo. Wifi yako hajambo. Wajukuu ni watatu. Nina karakana ya kutengeneza fremu za picha, kazi ya kimya. Pole kwa goti.

Barua ilikaa mezani siku nne, si mbili.

Jibu langu ni hapana. Mwambie huyo binti amtafute mtu mwingine. Au fanya wewe mwenyewe, si unaiweza?

Umeandika kurasa mbili kuhusu Tetemeko na hukugusa sehemu yake ya mwisho. Basi nitaigusa mimi. Sehemu ya mia mbili na nane, Tetemeko anawaaga watoto. Niliifanyia mazoezi mwezi mzima. Wiki hiyo mafua yalinikausha koo, nikakutuma ukaniombee muda mpaka Ijumaa. Jumatano mkarekodi. Wewe ukaingia mbele ya kipaza sauti, ukashusha sauti yako, ukawa mimi.

Sikuambiwa. Jumamosi nilikuwa nimewakusanya watoto wa mtaa mzima sebuleni, waje kumsikia Tetemeko wakiwa wamekaa naye. Nilivaa shati jeupe. Kipindi kikaanza. Neno la kwanza tu nikajua ni wewe. Wao hawakujua. Hakuna hata mmoja aliyejua, mdogo wangu. Kilipokwisha walilia, kisha wakanigeukia wakanipongeza, wakanishika mikono, kwa kazi uliyoifanya wewe.

Miaka minne ya koo langu, na mtu hakuona tofauti. Hilo ndilo lililonihamisha mji. Wivu wa kazi au cheo haukuwamo.

Wasalimie huko stendi.

Kaka yako

—

2 Machi

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na wote nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeisoma kibandani, na abiria wa saa sita walikaribia kukosa basi lao kwa sababu yangu. Habari ya watoto kukupongeza sikuwa naijua. Miaka yote hii nilidhani umekasirika kwa sababu nilikuchukulia kipindi. Kumbe nilikuchukulia zaidi ya hapo.

Acha nikwambie upande wangu, halafu unihukumu. Nilikuombea muda mpaka Ijumaa. Mkuu wa vipindi akasema Ijumaa studio ina watu wengine, na sehemu isiyo na Kiswahili haitarushwa, watarusha mechi ya marudio. Nikawaza: watoto wamesubiri miaka minne, Tetemeko aondoke bila kuaga? Na wewe umesubiri. Nikaona bora aage kwa sauti ya wizi kuliko asiage kabisa. Nilidhani naokoa kitu chako. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na hata leo nikijihukumu usiku nafika palepale.

Kosa langu lilikuja baadaye. Jumamosi asubuhi nilikuja kwako kukwambia kabla kipindi hakijaanza. Ndiyo, nilikuja. Nilifika mpaka dirishani. Nikakuona katikati ya watoto, unacheka, na lile shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola. Nikarudi nyumbani. Kuiga sauti ya shujaa niliweza, kukuambia ukweli nilishindwa. Kwa hilo nisamehe. Sina utetezi nalo.

Halafu ukanuna miaka kumi na tisa. Hata kwenye harusi ya binamu uliponiona kwenye meza yako ulihamia meza ya watoto. Mtu mzima, magoti yamefika kidevuni! Nilicheka huku nalia.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Waliolima juu ya ugomvi wetu wamekwisha kuvuna mara kumi na tisa, Kaka. Yatosha.

Jumapili ya tarehe kumi na tano, saa kumi jioni, nitakupigia. Pokea. Nitukane ukipenda. Nataka tu kukusikia.

Mdogo wako,
mwenye kosa

—

20 Machi

Kaka,

Hujambo. Sijambo.

Nilipiga. Ulipokea. Nilikusikia unavuta pumzi, nzito, kama mtu aliyepanda ngazi. Nilisikia na kitu kinagonga, nadhani ni saa yenu ya ukutani. Nikakusalimia mara tatu. Nikakuomba radhi. Nikakusimulia habari za goti, za stendi, za yule binti, nikaongea peke yangu dakika saba kama mwendawazimu sokoni. Hukusema hata "mhm". Mtu husema "mhm" hata kwa muuza ndizi.

Basi nimeelewa. Sitapiga tena.

Nimemwambia mtayarishaji asikusubiri. Ameita wanaume wa kujaribu. Wa kwanza ni mtangazaji wa mpira, kila Tetemeko akikanyaga ardhi yeye anashangilia goli. Wa pili hangurumi, anakoroma. Wa tatu alikuwa mzuri mpaka alipofika kwenye "Ardhi, nishikilie!", akaisema kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mlinzi wa geti, yule mzee wetu aliyekuwa sauti ya Daktari Kutu, adui wa Tetemeko, kwa sababu ya kikohozi chake, bado yupo, na bado anakohoa. Aliwasikiliza wote watatu akasema, "Kwa hawa, mji utabomoka bila mimi kugusa kitu."

Nilicheka, kisha nikatamani ungekuwepo ucheke.

Mimi, mdogo wako, bado

—

4 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu. Kaa chini kwanza. Kama uko kibandani, tangaza basi lililo karibu, kisha usome.

Haikuwa saa ya ukutani. Ilikuwa mimi.

Miaka miwili iliyopita niliota uvimbe kooni. Madaktari walisema kati ya sauti na uhai nichague, nami nikachagua kama mtu yeyote angechagua. Walitoa kisanduku cha sauti chote. Napumua kwa tundu lililo hapa shingoni, ndiyo maana ulisikia pumzi nzito. Nafunga skafu, mvua na jua. Karakanani nina kijidaftari kinaning'inia kifuani kwa kamba. Mteja anasema, mimi naandika. Wengine nao wanachukua kalamu wananiandikia, wanadhani sisikii.

Nilimkataza wifi yako asikwambie. Nilitaka ubaki na Tetemeko mwenye sauti hata kama ana kinyongo. Shujaa bubu nilimwonea aibu.

Uliposema "Kaka, unanisikia?" nilikugonga kwa kidole kwenye simu. Mara moja. Ukaendelea, nikakugonga tena. Umesahau? Studio ile ya magodoro ukutani, kipaza sauti kimoja. Anayesoma, macho yake yapo kwenye karatasi, hawezi kuona midomo ya mtu wa kwenye skrini inafunguka lini. Mwenzake anasimama nyuma, anaangalia kwa niaba yake, anamgonga begani. Mara moja, anza. Mara mbili, nyamaza. Miaka minne nimekugonga wewe kwa Kimulimuli, na kwa wanawake wote, na watoto wote, na yule paka. Wewe umenigonga mimi kwa Tetemeko. Basi nilikuwa nakugonga mara moja: endelea, endelea, endelea. Ulipokata simu niliendelea kugonga kidogo.

Kuna jingine, na hili linaniuma zaidi ya koo. Nilipokuwa safarini kwenda kukatwa, basi lilisimama stendi yenu. Nilikuwa najinyoosha miguu nikasikia: "Abiria wa saa tano mnaombwa kusogea lango la pili." Nikaganda. Nikakaa kwenye benchi lililo chini ya spika. Basi langu likaondoka, nikakaa. La pili likaondoka. Saa tatu nzima nilikaa nikikusikiliza unapanga watu wa watu. Kibanda chako nilikiona, hatua ishirini tu. Nilikuwa na sauti bado, ya kukwaruza, lakini ilikuwepo. Ningeweza kugonga dirisha nikasema "Mdogo wangu". Nikapanda basi la jioni. Kesho yake asubuhi wakaitoa.

Sauti ya mwisho niliyoitumia nilimuulizia nayo nesi choo kiko wapi.

Kwa hiyo hasira zako nimezistahili, ila si kwa sababu uliyoidhani. Mimi ndiye ninayeomba radhi sasa.

Fanya wewe Tetemeko. Safari hii nakuomba mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kaka yako

—

11 Aprili

Kaka yangu, Kaka yangu,

Sikuulizi hali, hali umenieleza.

Nimelia mpaka mwenzangu wa zamu ya mchana akaja kutangaza mabasi badala yangu, na yeye ana kigugumizi. Watu wamepanda mabasi yasiyo yao kwa ajili yako.

Dakika saba! Dakika saba ulikuwa unanigonga begani, na mimi nakuita saa ya ukutani. Nimekosa nini duniani kupewa masikio kama haya? Na lile benchi. Siku hizi natazama lile benchi kila ninapofungua dirisha. Leo alikaa mama mmoja anamenya chungwa. Nilitaka kumfukuza.

Lakini nina jambo, na nimelizungusha kichwani siku tatu kama lafaa kusemwa. Nitalisema. Tumenyamaziana vya kutosha.

Mtayarishaji alitafuta kanda zetu za zamani stoo. Zilizo nyingi zimefutwa, wamerekodi juu yake hotuba na taarifa za mvua. Za Kimulimuli zimepona sita. Ya Tetemeko imepona moja. Sehemu ya mia mbili na nane.

Umenielewa, Kaka? Sauti yako haipo. Sehemu mia mbili na saba zimekwenda. Iliyobaki duniani ni ile niliyokuibia. Binti huyu ameisikiliza mpaka anaijua kwa moyo. Wale wanaume watatu walipewa hiyo wajifunze. Anaponiambia, "Hakuna mtu aliyewahi kunguruma kama kaka yako," ananisifia mimi bila kujua, na mimi nilikaa kimya. Ndipo nilipojua ulivyojisikia siku ile sebuleni. Inauma hata ukiwa upande wa pili.

Sasa anajua. Nimemwambia yote juzi. Akaniuliza swali moja tu: "Ule ukimya kabla ya 'Kwaherini', nani aliufikiria?" Maana unakumbuka, Tetemeko anageuka, anawatazama watoto, midomo inafunguka, na sauti haiji. Inachelewa. Halafu ndipo anasema "Kwaherini, wanangu." Watu wote wa umri wake wanaukumbuka ukimya huo. Wanasema shujaa alikabwa na machozi. Wanasema ndipo walipolia.

Kaka, hakuna aliyeufikiria. Nilichelewa! Macho yalikuwa kwenye karatasi na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nilikuwa nasubiri unigonge.

Nitakuwa Tetemeko kama unavyotaka. Nitakuwa na Kimulimuli pia, nitajibizana mwenyewe darajani kama kichaa. Lakini siwezi kufanya hivyo bila mtu nyuma yangu. Fundi mitambo wa sasa ni kijana mwema, ana taa nyekundu inayowaka ukitakiwa kuanza. Taa haina kidole.

Njoo unigonge. Hutahitaji kusema neno.

Mdogo wako

—

25 Aprili

Mdogo wangu,

Nashukuru tu wazima. Mjukuu wa kati ameng'oka jino, anasema "fita" badala ya "sita", na nyumba nzima inahesabu naye.

Habari ya kanda nimeisoma nikaenda karakanani, nikakata vioo vitano ambavyo hakuna mteja aliyeviagiza. Ndivyo ninavyofanya. Kisha nikarudi nikaisoma tena.

Siku ile sebuleni, ulipochelewa, nilijua. Wale watoto walishika pumzi, wifi yako alishika pumzi. Mimi nilisema moyoni: hakuna mtu nyuma yake. Mkono wangu ukainuka kwenye kiti, peke yake, kidole kimenyooka. Nilikuwa nimekuchukia dakika ishirini nzima, na mkono ukakutafuta. Hilo sijamwambia mtu.

Sasa masomo. Tetemeko hashushi sauti. Ukishusha sauti unakuwa mwanamke anayeigiza mzee. Shusha mabega. Sauti itafuata yenyewe. Kabla ya "Ardhi, nishikilie" tembeza ulimi nyuma ya meno, kama mtu anayetafuta punje ya mahindi. Anapokasirika asipige kelele, aseme polepole, kama baba yetu alipouliza nani amevunja redio. Na akiongea na Kimulimuli awe mpole. Amemsubiri miaka mingi kwenye daraja hilo, hata kama hajui kusema.

Lakini sitakuja. Usinishinde kwa maneno, najua unaweza. Watu watataka kumwona Tetemeko. Mlinzi atafungua geti kwa kelele, huyo binti ataniomba niseme ile kauli, nami nitasimama pale na kijidaftari kifuani kama mtoto aliyepotea sokoni. Pumzi yangu inapiga filimbi. Itaingia kwenye kipaza sauti na kuwaharibia kazi. Nimezoea kimya changu hapa, na vioo haviniulizi.

Fanya, nami nitasikiliza.

Kaka yako

—

8 Mei

Kwako Kaka,

Salamu kwa wote. Mwambie mwenye pengo kwamba bibi yake wa stendi anamsalimu mara fita.

Mabega nimeshusha. Ulikuwa sahihi, kama kawaida yako inayoudhi. Niliisema "Ardhi, nishikilie" kibandani kipaza sauti kikiwa kimezimwa, na kioo kilitetemeka, au nilitaka kuamini hivyo.

Sikushindi kwa maneno. Nakwambia mambo matatu tu. Kwanza, pumzi yako: fundi mitambo amesema ana kitambaa kizito cha kuning'iniza kati yetu, na kwamba kikohozi cha Daktari Kutu kimewahi kuingia hewani mara elfu bila mtu kufa. Pili, kurekodi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, saa nane mchana. Tatu, ndani ya bahasha hii kuna tiketi ya basi. Linaingia stendi saa tano. Nitakuwa kibandani.

Usiponiandikia sitanuna. Mara ile nilikuja mpaka dirishani pako nikarudi nyuma. Na wewe ulikaa hatua ishirini kutoka dirishani pangu ukaondoka. Mmoja wetu itabidi agonge kioo, Kaka, kabla vioo havijatuzika.

Mdogo wako

—

27 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika salama. Wifi yako anakushukuru kwa kitambaa cha nguo ulichonipa nimletee, wajukuu wanaulizia ni lini bibi wa stendi anakuja. Goti lilale juu ya mto, usilidharau.

Sikukuandikia kwamba nakuja kwa sababu mpaka basi linaingia stendi sikuwa najua kama nitashuka. Nilikaa kwenye kiti changu watu wote wakapita. Dereva akaniangalia kwenye kioo. Ndipo spika ikasema: "Abiria mwenye skafu kwenye basi la saa tano, unaombwa kushuka, ndugu yako ana haraka." Stendi nzima ikageuka. Huna aibu hata chembe. Nilishuka nikicheka kwa mabega, hivyo ndivyo ninavyocheka siku hizi, na hatua ishirini zile nikazimaliza sijui vipi. Niligonga dirisha lako mara moja.

Sitaandika yaliyofuata hapo, tulikuwepo wote, na yule mama wa machungwa alikuwepo pia.

Nataka kukushukuru kwa jambo la getini. Mlinzi alipofungua mikono na kusema, "Tetemeko! Iseme basi, mzee, nife nimeisikia!" nilishika kijidaftari changu. Yule binti naye alikuwa amesimama, fundi pia, wote wananitazama midomo. Nikafungua kinywa kwa sababu sikujua la kufanya. Na nyuma ya bega langu ikatoka sauti yako: "Ardhi, nishikilie!" Nzito, mabega chini, punje ya mahindi na yote. Nikakanyaga lami kwa mguu. Mlinzi akajitupa ukutani kama zamani, akakohoa vile. Walicheka, wakapiga makofi, hakuna aliyenionea huruma. Nilikuwa nimeiogopa huruma kuliko kitu kingine.

Studioni mkono wangu ulikumbuka kila kitu. Ulipotoka kwenye Tetemeko kuingia kwenye Kimulimuli nilikuhamisha kutoka bega la kushoto kwenda la kulia ili usichanganye, na hukuuliza, ulielewa. Pale darajani anapomwambia, "Niliiona taa yako kwa mbali miaka yote, nikaona haya kukuita," nilidhani umeongeza maneno. Nikaangalia karatasi. Yamo. Watu wa ng'ambo wameandika hivyo wenyewe.

Sasa nikwambie lile ulilonitolea macho. Mwisho kabisa, wanapowaaga watoto, midomo ya Tetemeko ilifunguka, nami sikukugonga. Uligeuka ukanitazama kama zamani nilipokuwa nasinzia. Sikusinzia. Nilihesabu mpaka nne, macho yangu kwenye skrini, kidole kikiwa hewani juu ya bega lako. Kisha nikagonga, ukasema "Kwaherini, wanangu," na sauti yako ilikuwa imejaa kweli.

Nilikuchelewesha makusudi. Watu wale wamesubiri ukimya ule miaka kumi na tisa, si vizuri kuwanyima. Na mimi, mdogo wangu, kitu nilichobaki nacho cha kumpa Tetemeko ni hicho. Maneno yote ni yako. Ule ukimya ni wangu.

Filamu inarushwa Jumamosi saa nne. Nimewaambia watoto wa mtaa huu waje, na wajukuu wameita wenzao. Wifi yako amelipiga pasi shati jeupe, sio lile, lile halinifungi tena, lakini jeupe. Wakisikia Tetemeko ananyamaza watashika pumzi, kisha watalia. Wakinigeukia kunipongeza, safari hii nitawapa mkono wote, mmoja mmoja.

Piga simu Jumapili saa kumi. Nitapokea. Wewe zungumza tu.

Kaka yako